Gari inachemsha na maji yanapungua? Tafuta kwanza yanakoenda kabla hujanunua spea

Huu mwongozo nawaandikia wenye gari za huku kwetu kusini, wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba na wale wa Kilwa wanaokata kilomita na kilomita hamna hata gereji ya kuziba pancha. Nimechoka kuona mtu anaua injini nzima kwa sababu ya hozi ambayo bei yake haizidi sahani mbili za wali samaki.

Mi mwenyewe iliniuma. Noah yangu ilikuwa inapunguza maji kidogo kidogo, kila asubuhi naongeza kama nusu lita, mpaka kidumu cha lita 5 kikawa kinakaa nyuma ya siti muda wote na mimi naona ni kawaida tu. Fundi mmoja akaniambia hiyo ni thamostati (kile kivalvu kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), akaitoa, akaitupa, akanambia sasa maji yatapita vizuri. Wiki mbili baadae napandisha Newala kutokea upande wa Masasi, abiria saba na mizigo yao, injini ikaanza kugonga kisha ikazima yenyewe katikati ya mlima. Silinda hedi (kile kipande cha juu cha injini) imepinda, gasketi inayoziba kati yake na injini imeungua. Ilipokuja kufunguliwa na mtu anayejua ikaonekana maji miezi yote hiyo yalikuwa yanatokea kwenye wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, yanachuruzika kwenye chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika chini. Alama nyeupe ilikuwepo pale wazi kabisa, ila hakuna aliyeinama na tochi kuangalia.

Kwa hiyo kila nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye hilo moja: maji ya rejeta hayaishi yenyewe. Mfumo umefungwa, yakipungua kuna mahali yameenda, na kazi yako ni kujua ni wapi.

Hatua ya 1: Imechemsha barabarani, sasa hivi

Ukiona mshale unapanda kuelekea alama nyekundu, zima AC palepale, halafu washa hita mpaka mwisho na feni yake iwe kubwa, shusha vioo vyote. Najua joto la huku, mtaungua humo ndani, lakini hita ni rejeta ndogo na inachukua moto kwenye injini. Inaweza kukupa dakika mbili tatu za kutafuta sehemu salama ya kuegesha. Usijiambie ntafika kijiji kinachofuata. Hedi nyingi zimepinda kwenye hizo kilomita 3 za mwisho.

Gari nyingi ndogo za siku hizi hazina mshale, zina taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishazidi moto. Taa nyekundu ikiwaka ujue umeshachelewa, egesha na zima. Na kitu kingine watu wengi hawakijui: mshale ukipanda sana halafu ghafla ukaanguka mpaka chini kwenye baridi wakati unaona mvuke mbele, usifurahi, maana yake maji yameisha na sensa imebaki kwenye hewa tupu haina cha kupima.

Ukishazima fungua boneti ili joto litoke, alafu ukae pembeni. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Hapa pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini angalia mfuniko wako umeandikwa namba kama 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha unayoishikilia, na kwa presha hiyo maji yanaweza kufika karibu na nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka na yale maji yote yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja usoni kwako. Nimeona mtu ameungua kifua na mkono kwa sababu abiria walikuwa wanamharakisha. Subiri dakika 45, kwa jua letu hata saa nzima. Kisha minya ile hozi ya juu ya rejeta kwa kitambaa, ikiwa bado ngumu ujue presha ipo, acha. Ikilegea, weka kitambaa kizito juu ya mfuniko, zungusha kidogo mpaka kituo cha kwanza, sikiliza mvuke utoke wote, ndo umalizie kufungua.

Na tafadhali usimwage maji ya baridi juu ya injini ili ipoe haraka, wala usiyatie ndani ikiwa bado ya moto na kavu. Hedi nyingi ni alumini, inaweza kupasuka. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukitoa, halafu tia taratibu.

Hatua ya 2: Jiulize huwa inachemsha wakati gani

Kabla hujamwita fundi kaa chini ujibu hili swali, maana jibu lake peke yake ni nusu ya kazi, na fundi mzuri ndo kitu cha kwanza atakuuliza.

Kama inachemsha ukiwa umesimama au unatembea taratibu, lakini ukishika lami ukaenda 80 mshale unashuka wenyewe, mshukiwa wa kwanza ni feni. Kwenye mwendo upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ukisimama hakuna upepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara kule Somanga, gari zilikaa foleni muda mrefu injini zikiunguruma, na gari iliyokuwa na feni mbovu pale ilikuwa haina pa kujificha.

Ikiwa kinyume chake, yani ukisimama iko sawa ila ukipiga mwendo mrefu au ukipanda na mzigo ndo inapanda moto, basi feni haina kosa, shida ni maji hayazunguki ya kutosha. Hapo ni rejeta imeziba kwa ndani na kutu au chumvi, wota pampu mapanga yake yameliwa, mkanda unateleza, thamostati haifunguki yote, au maji ni pungufu tu. Angalia pia uso wa rejeta, na ile nafasi kati yake na rejeta ya AC, utakuta majani, wadudu, tope la barabara za vijijini limejaa. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, mashine ya kuoshea gari ina nguvu sana inalaza zile nyuzi nyembamba za rejeta.

Ikiwa inachemsha ndani ya dakika 5 tangu uiwashe asubuhi ikiwa baridi, hiyo ni thamostati imeganda imefungwa, au maji hamna kabisa, au gasketi.

Hatua ya 3: Tafuta maji yanapotokea

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na huku kwetu ina ugumu wake wa pekee: mchanga. Wengi tunaegesha uwanjani kwenye mchanga, na mchanga unakunywa maji, ukiamka asubuhi unaangalia chini unaona pakavu unasema gari haivuji. Chukua boksi kubwa, la friji au la televisheni, lipasue ulitandaze chini ya injini usiku kucha, uliwekee mawe pembeni upepo wa bahari usilichukue. Chora kwa peni mahali matairi ya mbele yalipo ili asubuhi ujue tone liliangukia upande gani wa injini. Boksi linabaki na alama hata maji yakikauka, na kulanti (ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta) inaacha doa la rangi, ya Toyota mara nyingi ni nyekundu au pinki, zipo pia za kijani na bluu.

Usichanganye na maji ya AC. Hayo yanadondokea upande wa abiria karibu na ukuta wa injini, ni maji meupe yasiyo na harufu wala utelezi, na hayo ni ya kawaida kabisa. Kulanti inateleza ukiisugua kwenye vidole na ina harufu kama ya utamu utamu. Usiionje. Nitalirudia hili mbele.

Sasa injini ikiwa baridi, chukua tochi hata ya simu, uanze kupita. Unachotafuta sio maji peke yake, ni alama ya maji yaliyokauka, ukoko mweupe au wa pinki kama chumvi ya kwenye ndoo. Anza juu ya rejeta pale plastiki inapoungana na alumini, kwenye rejeta zilizozeeka plastiki hupasuka hapo kwa ufa mwembamba kama unywele, na ukiona plastiki imegeuka rangi ya chai ujue siku zake zinahesabika. Halafu hozi ya juu na ya chini, ziminye karibu na klampu, ikiwa laini kama andazi au ukisikia inalia kama inapasuka pasuka kwa ndani, badilisha. Hozi iliyobonyea yenyewe injini ikishapoa inakuambia mfuniko wa rejeta una kasoro, haurudishi maji kutoka kwenye chupa ya akiba. Pindua mfuniko wenyewe uangalie mpira wake, ukiwa mgumu, umekatika au umebaki na shimo la duara, nunua mwingine wenye namba ileile. Ni spea rahisi kuliko zote hapa na inasababisha kelele nyingi kweli.

Ukifika kwenye wota pampu tulia. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kimetengenezwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo ili yasiingie kwenye beringi. Ukiona mstari wa ukoko unashuka kutoka kwenye kitundu hicho, pampu imekwisha, hata kama haidondoshi tone ukiwa unaiangalia. Kwenye injini nyingi huwezi kuona kwa macho, weka kioo kidogo cha kujipaka wanja, au ingiza simu urekodi video huku tochi yake imewaka. Mi hii ya simu nimeijua nimechelewa.

Mwisho ingia ndani ya gari, inua kapeti ya upande wa abiria na wa dereva. Ikiwa imelowa na inateleza, au kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta mafuta ukiwasha feni, rejeta ya hita ndo inavuja.

Hatua ya 4: Bado hujaona? Weka presha

Kuna matundu ambayo yanafunguka kukiwa na presha tu. Gereji zilizojipanga, hata Mtwara mjini, zinakuwa na pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, inapampiwa mpaka ile namba ya kwenye mfuniko, isizidi, kisha mnasubiri dakika 10 hadi 15. Geji ikishuka kuna uvujaji, mkiwa kimya mnaweza hata kuusikia. Omba wapime na mfuniko wenyewe, kuna kipande cha kuufungia.

Ukiwa kijijini huna hiyo pampu, tumia injini. Endesha mpaka ipate moto wa kawaida, mfuniko ukiwa umefungwa, egesha, zima, na ndani ya dakika 10 za mwanzo pita na tochi bila kugusa chochote. Ukizima gari maji yanasimama kuzunguka lakini chuma bado ni cha moto, kwa hiyo presha inapanda kidogo, na tundu ambalo lilikuwa limejificha litatema hapo.

Hatua ya 5: Maji yanapungua lakini nje pakavu kabisa

Hapa ndo tunaingia kwenye ugonjwa wenyewe. Kama nje hamna hata alama, yanaenda ndani, na njia ya kawaida ni gasketi ya silinda hedi.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka juu, washa injini na mfuniko ukiwa wazi. Viputo vichache mwanzoni sio tabu, ni hewa inatoka. Vikiendelea mfululizo bila kukoma kama chungu cha uji, na ukikanyaga mafuta vinaongezeka, huo ni moshi wa kwenye silinda unaingia kwenye maji. Au funga mfuniko, washa, na ndani ya dakika moja mbili minya hozi ya juu, ikiwa imeshakuwa ngumu kama jiwe wakati maji bado ya baridi, jibu ni lilelile, maana joto halijapata muda wa kuleta hiyo presha. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu kwenye eksozi ambao hauishi hata injini ikipata moto, gari kutetemeka dakika ya kwanza asubuhi kisha inatulia, plagi moja ikitoka safi imeng'aa kuliko wenzake, zote hizo ni dalili zake. Kuna pia dawa ya bluu ya kupimia ambayo ikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta inageuka njano, ukipata fundi anayo mlipe kwa moyo mweupe, kipimo hicho kinaokoa hela ya kufungua hedi bure.

Angalia na oili. Ikiwa kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena gari hata mara moja, ivute. Ila ukiona ute mweupe kidogo kwenye mfuniko wa oili tu na kijiti kiko safi, inaweza kuwa ni unyevu wa gari inayotembea safari fupi fupi za nyumbani sokoni, usikubali kufunguliwa hedi kwa sababu hiyo peke yake. Na wenye gia za otomatiki, oili ya gia kwenye gari nyingi inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, kwa hiyo chomoa na kijiti cha gia, ikiwa pinki ya maziwa maziwa basi rejeta imetoboka kwa ndani na gia iko hatarini kuliko hata injini.

Hedi ikifunguliwa, dai ipimwe kama imenyooka na ikapigwe fesi mashineni, yani uso wake usawazishwe, ikibidi. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai.

Hatua ya 6: Thamostati na feni, pima usikisie

Thamostati inapimwa kwenye sufuria (sufuria hiyo isirudi tena jikoni). Itumbukize kwenye maji, weka kwenye jiko, kwenye nyingi utakuta imeandikwa 82 au karibu na hapo, ndo nyuzi inazoanzia kufunguka, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi kabisa. Haifunguki, nunua nyingine. Kuitoa na kuacha wazi sio matengenezo. Injini inatembea baridi inakula mafuta, na kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji yanazunguka humohumo ndani bila kupita kwenye rejeta vizuri, gari inachemsha zaidi. Mimi nililipia hela ya kuongezewa ugonjwa.

Feni ya umeme: washa injini, washa AC, kwenye gari nyingi feni inatakiwa izunguke muda huohuo. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lilelile, ndo uje kwenye mota. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki injini ikipata moto, shuku sensa. Kuungiwa feni moja kwa moja kwenye swichi ni msaada wa kukufikisha nyumbani tu. Wenye Hiace na Prado za dizeli zenye feni ya kwenye shafti, zungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ni baridi, inatakiwa iwe na uzito kidogo, ikizunguka raundi nyingi kama pangaboi basi mafuta ya ndani yameisha.

Hatua ya 7: Maji ya kutia

Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Ukikwama barabarani tia maji yoyote safi ufike, lakini ukifika yamwage, suuza, utie kulanti. Ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, hata maji ya mvua uliyokinga safi ni bora kuliko ya kisima, na iliyoandikwa imeshachanganywa usiiongeze maji. Usichanganye rangi tofauti kwa kukisia.

Dawa za kuziba rejeta, mayai mabichi, bizari, nimeona vyote vinatiwa. Vinaziba tundu na vinaziba pia rejeta ya hita na vijia vyembamba ulivyokuwa unavihitaji.

Na lile nililosema ntalirudia: kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa, mbuzi au kuku akinywa iliyomwagika uwanjani anaweza kufa. Ikinge kwenye beseni, itie kwenye dumu lenye kifuniko, uandike juu, na kamwe usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa mpeleke hospitali hapohapo, msisubiri dalili.

Hatua ya 8: Toa hewa, kisha fuatilia

Ukishatengeneza, egesha pua ya gari ikiangalia juu kwenye mwinuko, weka hita kwenye moto, jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, washa injini iache isilensi, yani iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Maji yatashuka, ongeza. Thamostati ikifunguka utaona yanatembea na hozi ya chini itapata moto, viputo vikiisha funga. Ukiruka hili hewa inabaki kwenye hedi na kesho utasema fundi hajui kazi.

Jaza chupa ya akiba kati ya alama mbili, chora mstari kwa maka peni pale maji yalipofika, na angalia kila asubuhi injini ikiwa baridi. Siku ya kwanza na ya pili yanaweza kushuka kidogo kwa hewa iliyobaki, ongeza urudi kwenye mstari. Boksi liache palepale chini ya injini. Wiki nzima zungukia mjini, Mikindani, airport, usiende mbali. Ukiona siku tano mfululizo mstari haujasogea na boksi halina doa jipya, basi panda Newala, ila ukifika juu egesha kivulini, iache injini isilensi dakika mbili kabla hujazima, ikishapoa uangalie tena ule mstari.